Mkondo na Kipimo cha Mpokeaji

Kutoa ni sifa njema, lakini kutoa kupita uwezo wa apokeaye ni hasara kwa wote wawili. Watu wa Chanika, katika mji wa Handeni, hawana haja ya kuelezwa jambo hili mara mbili. Maji kwetu ni tunu. Bomba huyaleta kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na yafikapo, ndoo ndiyo itoayo amri.

Wanazuoni wa kompyuta waliifikia hekima hiyo walipotoa, mwaka 2015, kanuni za mikondo ya data ziitwazo Reactive Streams. Lugha ya Java ilizipokea mwaka 2017 katika toleo lake la 9. Kiini chake ni kimoja: mpokeaji hutaja idadi awezayo kuipokea, na mtumaji haizidishi.

Lakini mkondo usafirio katika ombi la wavuti huhitaji vazi, na vazi la kawaida ni JSON. Hapo ndipo pana mtihani. Safu ya JSON hufunguliwa kwa bano la mraba na kufungwa kwa bano jingine, na msomaji wa kawaida huisadiki ifungwapo tu. Tuseme zahanati inatuma uzito wa watoto 300, na mtandao ukatike baada ya mtoto wa 290. Safu nzima hukataliwa. Watoto 290 huwa kama hawakupimwa.

Dawa ipo, nayo ni NDJSON: kila kumbukumbu hukaa kamili katika mstari wake. Katika maktaba ya Spring, WebClient huweza kutuma mkondo wa Flux kwa namna hiyo, aina ya ombi ikitajwa kuwa application/x-ndjson. Mstari uliofika husomwa papo hapo, bila kungoja wenzake. Yabaki sharti moja: kila kumbukumbu iwe na namba yake, ili irudiwapo isihesabiwe mara mbili.

Hili si jambo la mafundi peke yao. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya utumikao Tanzania, umeandikwa kwa Java na hupokea JSON. Naona basi kuwa umbo la ujumbe ni suala la haki. Mwenye mtandao imara hapotezi kitu kwa safu ndefu. Mwenye mtandao dhaifu hupoteza vyote. Kanuni isiyomfikiria huyu wa pili haijatimia, hata ikisifiwa kwa wepesi wake.