Siku Mama Aliposimama

Wengi wetu hudhani kwamba kugombea uongozi ni kazi ya maneno mengi. Mimi nilijifunza jambo jingine kwa kumtazama mama yangu mzazi, tarehe 23 Oktoba 2021, hapa kwetu Gisenyi, wilaya ya Rubavu. Wakati ule nilikuwa bado mtoto, sijafikia umri wa kupiga kura.

Siku hiyo, Jumamosi, midugudu ya Rwanda ilichagua kamati zake. Katika mudugudu hakuna sanduku wala karatasi ya siri, kama ilivyo katika kumchagua Rais. Wagombea husimama mbele, na kila mtu hupanga mstari nyuma ya yule amtakaye. Ndivyo watu walivyochagua hata Machi 1999, katika uchaguzi wa kwanza wa ngazi za chini baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Tena mgombea hasimami kwa jina la chama, na mkuu wa mudugudu hapati mshahara.

Mama ni mjane, huuza mboga sokoni. Majirani walimsihi agombee ukuu wa mudugudu kwa sababu ya mambo ya mwezi wa Mei. Tarehe 22 Mei mlima Nyiragongo ulilipuka, kisha ardhi ikatetemeka siku nyingi, na nyumba za Gisenyi zikapasuka. Mama alipita mlango kwa mlango, akiandika katika daftari langu la hesabu nani amepoteza ukuta na nani analala nje. Nyumba ya baba mdogo iliharibika sana. Basi yeye, mkewe na mtoto wao mkubwa walikaa kwetu miezi mitatu, tukila chungu kimoja.

Mshindani wa mama alikuwa mtu mwenye mitumbwi ya kuvulia sambaza ziwani Kivu. Sina neno baya juu yake. Lakini baba mdogo alikuwa mvuvi wake.

Msimamizi aliposema, “Pangeni,” mama alisimama wima, akatazama mbele, asigeuke hata mara moja. Mimi nilikuwa pembeni, juu ya jiwe, nikiona yote. Watu walivaa barakoa kwa ajili ya korona, lakini nilimtambua baba mdogo kwa koti lake, kwani lilikuwa koti la marehemu baba. Aliinamisha kichwa, akapita nyuma ya mama, akaenda mstari wa pili. Mkewe na mwanawe wakamfuata.

Watu wakahesabiwa. Mama alishindwa kwa watu watatu. Hesabu yake haikuwa ngumu.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikitetemeka kwa hasira. Nikasema, “Mama, nimeona aliyekuangusha.” Akanishika mkono akasema, “Usiniambie, mwanangu. Sikugeuka ili nisijue.” Nikasema kwamba ni haki yake kujua. Akajibu, “Mstari una macho. Mwenye kula kwa mkono wa mwenzake hachagui peke yake. Kesho nitakutana na hawa wote kisimani. Nikijua, nitawasalimu kwa kuwapima.”

Jioni ile alimpelekea mshindi lile daftari la hesabu, kwa maana baadhi ya kuta zilikuwa bado hazijajengwa. Kisha akapika ugali, akanituma nimwite baba mdogo na watu wake. Walikuja. Baba mdogo alikula kidogo sana, wala hakuinua macho. Hadi leo mama hajaniuliza, wala mimi sijasema. Na nadhani alijua tangu ile jioni.

Sasa nina miaka kumi na tisa, na vijana wa mudugudu wetu wananishauri nisimame katika uchaguzi wa vijana. Mwanzoni niliogopa kushindwa. Sasa naogopa zaidi kugeuka, nikaanza kuwahesabu rafiki na adui kwa migongo yao.

Ndugu zangu, nanyi mliotutangulia katika shule hii, ikiwa mmoja wenu atasimama, na akumbuke kwamba uchaguzi ni wa asubuhi moja, lakini ujirani ni wa maisha. Kama huwezi kuwapikia ugali waliokukataa, usisimame kwanza.