Barua kutoka Los Angeles: Kero ya tajiri si sababu



Shemeji amenitumia video. Mgambo wanamfukuza muuza madafu Masaki, Dar es Salaam, baiskeli imelala barabarani, madafu yanabingirika hadi mtaroni, na chini yake kaandika: "Sasa mtaa unapumua." Shemeji! Wewe si ndiye kila Jumamosi ukitoka mazoezini unakunywa madafu mawili palepale, tena kwa mkopo? Nimekasirika, ndiyo maana naandika.

Huku nako wachuuzi wapo. Kona nyingi za Los Angeles utakuta mwavuli wa rangirangi, na chini yake mama au kaka aliyetoka Mexico au Guatemala na sanduku la kioo lililojaa barafu. Unachagua mwenyewe: embe, tikiti, tango, nanasi. Anakukatia vipande virefu, anakamulia ndimu, ananyunyiza chumvi na pilipili ya unga. Ukifumba macho, uko Coco Beach.

Msidhani wenye nazo wa huku ni malaika. Wananunua embe asubuhi, jioni wanapiga simu manispaa kulalamika kwamba mwavuli unaharibu mandhari. Na hadi mwanzoni mwa 2017, kuuza vitu kando ya barabara jijini hapa kulikuwa kosa la jinai. Kwa mhamiaji asiye na karatasi, kosa la namna hiyo liliweza kumrudisha kwao.

Kilichobadilisha mambo ni sheria ya jimbo zima la California, iliyotiwa saini Septemba 2018 na kuanza kutumika Januari 2019. Manispaa inaruhusiwa kuweka masharti, ila masharti yenyewe yawe na sababu ya kweli ya afya, usalama au ustawi wa watu. Halafu sheria inaongeza maneno ambayo ningeyabandika kwenye mlango wa kila ofisi ya kata: wakazi kuwachukia wachuuzi si sababu, na wenye maduka kuogopa ushindani si sababu. Hata faini inatazama hali ya mtu. Ukikiuka masharti mara ya kwanza haizidi dola 100, na ukithibitisha kwamba kipato chako ni duni, manispaa lazima ikubali asilimia 20 tu na kesi iishe.

Si peponi. Mabwana afya bado wanakamata matoroli ya chakula yasiyo na kibali, na toroli wanalolikubali bei yake haishikiki. Vitongoji vya kitajiri navyo havichoki kutafuta upenyo. Lakini sababu wanalazimika kuitaja, na sababu iliyotajwa unaweza kuipeleka mahakamani. Mwaka 2022 wachuuzi walilishtaki Jiji la Los Angeles kwa kuwazuia maeneo kadhaa, Hollywood likiwemo. Mwaka 2024 jiji likaondoa zuio.

Sisi Tanzania je? Mwaka 2018 tuliwauzia wamachinga vitambulisho kwa shilingi 20,000, tukaambiana wasibughudhiwe. Mwaka 2021 tukawavunjia vibanda. Sababu? Agizo. La nani? La juu. Uzunguni hata agizo halihitajiki, simu moja ya mwenye geti inatosha. Aibu hiyo! Mlinzi wako, dada wa kazi na fundi wa bwawa lako la kuogelea wanakula wapi mchana kama si kwa mama ntilie wa kona ile unayotaka isafishwe?

Wewe unayeuza mtaani, piga picha kitambulisho chako na umtumie mtu mwingine aihifadhi. Wakija, waulize kwa adabu ni sheria ndogo ipi inayowatuma. Wakichukua mali, dai stakabadhi inayotaja kitu kimoja kimoja, hata ndoo. Jiungeni kikundi, mchague mmoja anayejua kusema mbele za watu, aende mkutano wa mtaa. Na jamani, fagieni kona zenu jioni; makopo na maganda ndiyo silaha mnayowapa wenyewe.

Waheshimiwa madiwani, kabla ya kumtuma mgambo, iandikeni sababu, mtie saini, muibandike kwenye ubao wa matangazo wa kata ili kila mtu aisome. Mkishindwa kuiandika, waacheni watu wauze.