Starlet ya Marehemu Kaka

Wengi mmetuuliza, msikitini na harusini, kwa nini ile Starlet nyeupe yenye boneti nyekundu ilikaa kibandani kwetu miaka yote bila magurudumu, na kwa nini sasa inapanda kilima ikipiga mluzi. Tumeona tuandike mara moja, maana tumechoka kueleza nusu nusu. Tena ndani ya kisa hiki kuna kosa letu ambalo hatujawahi kulisema mbele za watu.

Sisi ni mume na mke, tunaishi Kampala chini ya kilima cha Kibuli. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, mwingine ni fundi cherehani. Kiswahili cha nyumbani tumekirithi kwa babu aliyekuja na kazi ya reli kutoka Mombasa, reli iliyofika Kampala mwaka 1931. Kwa magari hatukujua kitu. Aliyejua ni kaka yetu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Huyo akikusimulia jinsi Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa Uganda, alivyoshinda Safari Rally ya 1973 na Datsun 240Z, utadhani yeye ndiye aliyekaa kiti cha pembeni akimsomea ramani.

Kaka alifariki mwaka 2014. Mkewe alikuwa amemtangulia. Aliacha mtoto mmoja wa kiume wa miaka 13, akiba kidogo, na Toyota Starlet ya 1997, ile wanayoiita EP91. Wazee wetu nao walikwisha kufariki, kwa hiyo hesabu ya mirathi haikumchosha sheikh: vyote ni vya mtoto. Sisi ni walezi tu. Mtoto akaja kwetu na begi lake, gari likaja likivutwa kwa kamba kwa sababu betri ilikuwa imekufa.

Tuseme kweli, nia yetu ya kwanza ilikuwa kuliuza. Gari lililosimama linaoza, na mtu mmoja alikuwa tayari kutoa shilingi milioni nne. Tulikwisha kupatana naye. Usiku wa kuamkia siku ya kuja kulichukua tukaamka kwa Alfajiri, mtoto hayumo kitandani. Tulimkuta kibandani amelala kwenye kiti cha dereva, shati la kazi la baba yake amejifunika. Tukampigia mnunuzi simu asije.

Alipofika miaka kumi na tano hivi akatuambia kwamba baba yake alikuwa amemwahidi kuifunga gari hiyo tabo. Hatukujua tabo ni kitu gani. Basi akatufundisha yeye, kwa kifuniko cha sufuria na feni ya mezani. Moshi unaotoka kwenye injini, badala ya kwenda bure, unazungusha feni ndogo. Feni hiyo imeunganishwa kwa mhimili na nyingine upande wa pili, na hiyo ya pili inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli nayo inaongezwa, na nguvu inazidi. Feni hizo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Akaongeza kwamba sisi wa Kampala, tulio karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya kumi kwa mia, kwa hiyo injini yetu ya kawaida inahema kabla hata haijapanda Kibuli. Mwalimu wetu alikiri kwamba hajawahi kulifundisha somo la hewa vizuri namna ile.

Sasa tuje kwenye kosa.

Mwaka 2018 ilitoka sheria ya kukataza kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15. Starlet zilikoma kutengenezwa mwaka 1999, kwa hiyo ikawa hakuna tena Starlet nzima itakayoingia nchini. Mitaani wakaanza kusema spea zitakwisha, nunueni leo. Kijana naye, sasa ana miaka 17, akawa anatuomba asubuhi na jioni. Fundi mmoja akatuambia ana tabo nzuri, ataichomea bomba na kuifunga juu ya injini ileile ya zamani kwa siku tatu, kazi imekwisha. Yote kwa shilingi 1,150,000. Sisi hatukuwa nazo. Tukazitoa kwenye akiba ya yule yatima, iliyowekwa kwa karo yake, tukajidanganya kwamba si ni kwa ajili yake mwenyewe? Kijana hakujua. Alidhani ni zetu, akatushukuru, na sisi tukazipokea shukrani zile.

Gari lilikimbia siku tisa. Siku ya kumi moshi wa buluu ulijaza uchochoro mzima mpaka jirani akatoka na ndoo ya maji. Baadaye tulikuja kujua kwamba tabo yenyewe ilikuwa imechoka, mhimili wake unacheza huku na huku na kuvujisha oili. Lakini hata ingekuwa mpya isingefaa. Injini ile ya kawaida ya cc 1331 hubana hewa mara 9.6 ndani ya silinda, nayo haikutengenezwa kusukumiwa hewa nyingine juu yake. Kompyuta yake haina habari kwamba hewa imeongezeka, haiongezi petroli, basi mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda na moto unalipuka kabla ya wakati wake. Fundi cherehani wetu alikwisha kuusikia mlio siku ya saba, akasema unafanana na sindano inayogonga bamba. Tukamcheka! Tulipopima mgandamizo, silinda tatu zilitoa kama 12 kila moja, ya tatu ikatoa 4. Pistoni ilikuwa imevunjika palepale zinapokaa ringi.

Yule fundi hatukumpata tena kwenye simu.

Usiku ule hatukulala. Hatukuumwa na injini, tuliumwa na ile 1,150,000. Mali ya yatima kila Mwislamu anajua uzito wake, na sisi tulikuwa tumeichoma moshi kwa siku kumi. Tukanunua daftari la kurasa 96 pale dukani, ukurasa wa kwanza tukaandika deni letu, tukaanza kulirudisha mwezi kwa mwezi. Ilichukua miezi kumi na minne. Nyama ikawa ya Ijumaa tu. Kijana akiuliza kwa nini, tunamjibu kwamba daktari amekataza.

Katika daftari lilelile tukaandika masharti ya gari. La kwanza, akiba ya kijana haiguswi hata shilingi. La pili, hakuna mkopo wa riba, ingawa palikuwa na mtu aliyetaka kutupa fedha papo hapo kwa kushika kadi ya gari. La tatu, breki kwanza, ndipo nguvu. Kijana alilichukia hilo la tatu kuliko yote. Alikuwa na rafiki zake wanaoshindana barabarani usiku, nao hawazungumzi breki.

Tukaanza upya, polepole. Ile EP91 ina ndugu yake aliyetoka kiwandani na tabo, Glanza V. Bodi ni moja, injini ni 4E-FTE ya cc zilezile 1331, lakini pistoni zake hubana hewa mara 8.5 tu, na kompyuta yake inajua kazi. Ya kwetu ilikuwa na nguvu za farasi 85, ile ina 135. Gari lenyewe lina uzito wa karibu kilo 900, kwa hiyo si mchezo. Breki kubwa za Glanza tulizipata Kisekka mwaka 2019, upande mmoja mwezi wa pili, upande wa pili mwezi wa saba.

Machi 2020 shule zikafungwa, na mwisho wa mwezi ule magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku barabarani. Mji ulinyamaza mpaka unasikia adhana ya Kibuli kama iko sebuleni. Mwalimu amekaa, kijana amekaa, cherehani peke yake ndiyo ilikuwa ikifanya kazi, inashona barakoa. Basi ndugu wasomaji mkitaka kujua, barakoa ndizo zilizonunua injini. Maduka yalipofunguliwa tukaipata Agosti, imetoka Japani kwenye gari lililokatwa nusu. Tulilipa kwa mafungu matatu bila nyongeza. Tuliishusha kwenye toroli ya matofali, sote watatu tunasukuma, na watoto wa mtaa nyuma yetu kama bibi harusi anapelekwa.

Safari hii hatukuifunga jinsi ilivyokuja. Kijana aliifungua yote juu ya meza ya kukatia vitambaa (na meza hiyo hadi leo ina harufu ya dizeli). Ringi mpya, beringi mpya, gasketi zote mpya. Tabo tuliikagua wenyewe: unashika ncha ya mhimili kwa vidole, unazungusha, unausukuma ndani na kuuvuta nje. Ukisikia unaingia na kutoka, mrudishie mwenyewe. Spana ya kupimia mkazo tuliazima kwa mzee mmoja wa Kisekka kwa sharti irudi kabla ya saa mbili asubuhi. Boliti za silinda hedi hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, na mwalimu ndiye aliyesoma namba kwa sauti, kijana anakaza, cherehani inaandika. Tulimaliza saa nane usiku.

Kuna rejeta ndogo ya kuipoza hewa iliyotoka kwenye tabo kabla haijaingia ndani. Mafundi huiita intakula. Mama wa nyumba alisema jina lenyewe limetuonya, inta-kula, na kweli ilikula. Kwenye gari hii inakaa juu ya injini, kwa hiyo lazima upate boneti yenye tundu la kupitishia upepo, na iliyopatikana ilikuwa nyekundu.

Kazi iliyotuvunja moyo ni waya. Injini ilikuja na waya zilizokatwa kwa msumeno na bila kompyuta yake. Kompyuta tuliisubiri hadi 2022. Waya tulizitandaza sebuleni, mwalimu akachora jedwali la rangi kama anavyochora la kuzidisha, na kwa miezi mitatu wageni walikuwa wakikaa barazani. Mara mbili kijana alitupa koleo na kutoka. Mara ya pili alikaa siku nne bila kugusa kitu. Hatukumfuata. Siku ya tano tuliporudi Isha tukamkuta chini ya dashibodi na tochi mdomoni.

Mwaka huohuo alitimiza miaka 21. Aya ya sita ya Suratun-Nisaa inaagiza yatima wapimwe mpaka wafikie umri, na kuwe na mashahidi wanapokabidhiwa mali yao. Kwa kweli tulikuwa tumechelewa, tungeweza kumkabidhi mapema. Tulikuwa tunaogopa lile daftari. Tukawaita wazee wawili baada ya Alasiri, tukaweka mezani kadi ya gari, kitabu cha benki na daftari. Akasoma kimya. Alipofika kwenye ukurasa wa kwanza, penye 1,150,000, akainua macho.

"Ile tabo ya kwanza?"

"Ile."

"Na daktari aliyekataza nyama?"

Hatukuwa na la kujibu. Akaupekua ukurasa mpaka kwenye mwezi wa kumi na nne, akaomba kalamu, akaandika chini yake: Nimepokea. Akatia tarehe. Wazee wakatia sahihi na sisi tukaenda kupika chai, wote wawili, chai ya watu watano.

Injini iliwaka Novemba, jaribio la sita. Shida ilikuwa waya mmoja wa kihisio cha mzunguko uliogeuzwa. Nguvu ya tabo ameiacha kama ilivyotoka kiwandani, karibu baa 0.65, ingawa rafiki zake wanamwambia aiongeze. Anasema mafuta yetu si yale ya Japani, na pistoni moja imemtosha.

Mara ya kwanza alitutoa kwenda Entebbe. Mama mdogo nyuma kashika kiti kwa mikono miwili, Ba'mdogo mbele anajifanya anatazama ziwa. Alikwenda taratibu sana, mpaka boda boda zikatupita, na sisi tukadhani labda haifanyi kazi. Kwenye mlima mmoja akauliza, "Niongeze kidogo?" Tukanyamaza, akaongeza. Mluzi ukaja kwanza, halafu mgongo ukashikamana na kiti, na aliyekuwa nyuma akasoma dua zote anazozijua. Ilikuwa sekunde tatu, pengine nne. Akaachia.

Tulipofika nyumbani hakuzima. Tabo iliyofanya kazi haizimwi papo hapo, huachwa injini iunguruke dakika mbili oili ipite iipoze, la sivyo oili inaungulia ndani ya beringi. Alitueleza hayo na akatuambia tunaweza kuteremka, yeye atasubiri. Mwangaza wa Magharibi ulikuwa umeingia kibandani, na kwenye kiti chake bado lile tundu la sigara ya marehemu kaka hatujalishona. Hakuna aliyeteremka.