Usikiogope kisu, uandae mwili

Bila shaka umewahi kuyasikia maneno haya: "Saratani ikiguswa na kisu, husambaa." Ndiyo waliyoambiwa jamaa zangu na majirani shangazi yetu alipotakiwa kukatwa uvimbe wa titi. Wengine walimsihi atoroke hospitalini. Yeye alikubali upasuaji, nami nikabaki kutafuta ukweli wa maneno hayo.

Yana chembe ya ukweli. Uvimbe unapokatwa, huenda seli chache za saratani zikabaki mwilini au zikaingia kwenye damu. Kwa kawaida askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, huzisaka na kuziua. Lakini kidonda, uchungu na hofu huufanya mwili utoe homoni nyingi za adrenalini na kotisoli, na askari hao hulegea kwa siku kadhaa. Hapo mbegu iliyobaki hupata nafasi ya kuota kwingine, kama vile kwenye mapafu au ini.

Je, tukatae kisu? La, hasha! Uvimbe ulioachwa huzidi kukua na kutapanya mbegu. La busara ni kuwalinda askari.

Huko Israel, Shamgar Ben-Eliyahu wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walifanya jaribio kwa wanawake 38 wenye saratani ya matiti. Baadhi walipewa propranololi, dawa ya shinikizo la damu, pamoja na etodolaki ya kutuliza maumivu, kwa siku 11, kabla na baada ya upasuaji. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba dalili za saratani kujiandaa kuhama zilipungua. Jaribio lilikuwa dogo, kwa hivyo usikimbilie duka la dawa. Propranololi yaweza kumdhuru mwenye pumu. Muulize daktari wako.

Kuna uwezalo leo. Acha sigara. Kula vizuri, na upungufu wa damu utibiwe mapema. Na ukisikia uchungu, sema! Shangazi aliuma meno usiku kucha akiogopa kumsumbua muuguzi. Huo si ushujaa, kwani uchungu nao huidhoofisha kinga.

Nanyi mnaokwenda kumjulia mgonjwa hali, mpelekeeni uji na maneno ya kumtuliza moyo. Hadithi za kisu ziacheni nyumbani.