Sketi ya Msiba

Shosho alizikwa Februari, Murang'a. Mimi nilikuwa Tartu, Estonia, ninakosomea, nikitazama mazishi kwenye simu. Mtandao ulikatika wakati jeneza linashushwa. Uliporudi, watu walikuwa wameshaanza kula. Jumatatu nikaenda darasani na jaketi langu la kila siku. Nani angejua?

Juni, rafiki yangu wa darasani akanialika kwao Kihnu. Ni kisiwa kidogo katika Ghuba ya Riga, urefu wake kama kilomita 7. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa chumbani, basi.

Tuliposhuka kwenye feri, mwanamke mzee alitupita na pikipiki yenye kigari cha pembeni. Kichwani kitambaa, chini sketi ya mistari myekundu. Nikadhani kuna sherehe. Kumbe ni siku ya kawaida tu. Zamani wanaume wa Kihnu walikuwa baharini muda mrefu, wakivua samaki na kuwinda sili, kwa hiyo shamba, mifugo, nyimbo za harusi na ufumaji vilibaki mikononi mwa wanawake. Mwaka 2003 UNESCO ikautambua utamaduni huo, na sisi watalii tukafuata na kamera zetu.

Sketi yenyewe huitwa kört. Hufumwa nyumbani kwa uzi wa sufu. Nyanya ya rafiki yangu alinifungulia kasha lake, akazitoa moja moja, nyekundu zinazong'aa, hadi akafika kwenye moja ya bluu nzito, karibu nyeusi.

"Hiyo ni ya msiba," rafiki yangu akatafsiri.

Ukifiwa, unavaa hiyo. Muda ukipita, unavaa yenye mistari michache myekundu, halafu yenye mingi kidogo, hivyo hivyo mpaka nyekundu irudi yote. Jirani akikuona tu njiani anajua umefika wapi. Hakuna wa kukuuliza kama sasa uko fiti.

Niliuliza aliivaa kwa ajili ya nani. Mumewe. Aliivaa muda gani? Akacheka kidogo, akasema muda uliohitajika.

Sijui kwa nini, nikasema, "Shosho wangu alikufa Februari." Nilisema kwa Kiestonia changu kibovu, na huenda nilikosea sarufi yote. Rafiki yangu akanigeukia.

"Februari? Si tulikuwa tunakaa pamoja kila Jumanne?"

"Ndiyo."

Nyanya hakusema kitu. Alinipa fundo la uzi nilishike kwa mikono miwili, akaanza kuuviringisha kuwa donge. Nikamweleza jinsi Shosho alivyokuwa akisokota uzi wa viondo pajani, mpaka ngozi ya hapo ikawa laini kama kioo. Rafiki yangu akawa anatafsiri, taratibu. Mikono ilianza kuniuma. Nyanya akaleta fundo lingine.