Moshi na Jirani Asiye na Pwani

Msomaji mpenzi, ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, katikati ya migomba na mibuni, simama kidogo ugeuke utazame chini. Mji ule unaouona una fungu lake katika historia ya Uganda.

Uganda haina pwani. Maji inayo tele: sehemu kubwa ya Ziwa Viktoria ni yake, na mto Naili hutoka ziwani pale Jinja. Lakini bahari iko mbali, ng'ambo ya Kenya. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mizigo ya Uganda ikavushwa ziwani kwa meli. Gari moshi lilifika Kampala mwaka 1931. Pamba na kahawa yao ilipita kwanza mlango wa jirani, ndipo ikaona bahari.

Basi, hata siku za taabu mlango ulikuwa kwa jirani. Idi Amin alitwaa utawala mwaka 1971. Wengi waliuawa, wengine wakakimbia. Mwaka 1978 askari wake waliingia Kagera, na Tanzania ikapigana nao. Machi 1979 Waganda waliokimbia kwao walikutana hapa Moshi, wakaunda umoja, wakamchagua Yusuf Lule awaongoze. Tarehe 11 Aprili Kampala ilitekwa. Lule akawa Rais, lakini kwa siku 68 tu, wenzake wakamwondoa.

Tazama basi, msomaji. Jirani mwema aweza kukupa njia ya kwenda baharini, hata na nyumba ya kukutania. Kupatana, hilo ni lako mwenyewe.