Mstari wa Mbele Uko Wapi? Kumbukumbu za Kazi za Kijeshi Afrika Mashariki

Majeshi mengi hugawa kazi zake katika mafungu matatu: vikosi vya mapigano, ambavyo ni askari wa miguu, wa vifaru na wengine wanaokabiliana na adui ana kwa ana, vikosi vya kusaidia mapigano, kama vile mizinga, wahandisi wa medani na mafundi wa mawasiliano, na vikosi vya huduma, yaani wapishi, madereva, makarani, mafundi wa magari na matabibu. Tangu enzi za Keya, kama wenyeji walivyoliita jeshi la kikoloni la Waingereza la King's African Rifles, mgawanyo huu umewapa wazazi wengi matumaini kijana anapokwenda depo, kwa kuwa hudhaniwa kwamba aliyepangiwa ghala au jiko ana nafasi kubwa ya kurudi salama kuliko aliyekabidhiwa bunduki. Kumbukumbu za vita vya Afrika Mashariki tangu mwaka 1914 zinaonyesha kwamba dhana hiyo ina ukweli, ila ukweli wake umebadilika kufuatana na hali ya barabara, maradhi na mbinu za adui. Tena zinaonyesha kwamba jina la kazi limeamua malipo na heshima ya mtu kwa uhakika zaidi kuliko lilivyoamua hatari iliyomkabili.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walimfukuza Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, katika nchi ambayo reli zake zilikuwa chache, mvua ziliifanya isipitike kwa magari, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo. Kazi ya wanyama hao ikawaangukia binadamu. Kikosi cha wapagazi, kilichoongozwa na Oscar Watkins na ambacho jina lake limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, kilikuwa cha huduma kwa kila kipimo, kwa kuwa watu wake hawakupewa silaha wala hawakutarajiwa kupigana. Hesabu ya kazi yao inatosha kueleza kwa nini walihitajika kwa wingi mno: mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga na kula karibu kilo moja kwa siku, akisafiri siku kumi kwenda na kumi kurudi, alikuwa amekula sehemu kubwa ya alichokibeba, hivyo kila askari aliyesogea mbele alihitaji nyuma yake mlolongo wa watu uliozidi kurefuka. Jumla ya walioandikishwa na Waingereza katika kampeni hiyo hukadiriwa kufikia watu milioni moja. Takwimu rasmi zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wako wanahistoria wanaokadiria kwamba idadi halisi ilikaribia laki moja au kuipita, ilhali askari wa Keya waliokufa walihesabiwa kwa maelfu tu. Walichokufa nacho wapagazi hao, kwa sehemu kubwa, ni kuhara damu, malaria, nimonia na unga usioiva vizuri.

Hata ndani ya kikosi hicho hatari haikugawanywa sawasawa. Wapagazi wa kawaida walipeleka mizigo kutoka bohari moja hadi nyingine, lakini wale wa bunduki za rashasha waliambatana na kombania hadi medani, wakibeba mtutu, miguu ya bunduki na masanduku ya risasi, na bunduki ilipoanza kufyatuliwa wao ndio waliotambaa kuipelekea risasi huku mikono yao ikiwa haina silaha. Kwa kipimo cha kukutana na adui, watu hawa walikuwa askari wa mstari wa mbele. Kwa kipimo cha daftari la mshahara, walikuwa vibarua.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta malori, na pamoja na malori vikaleta tumaini jipya kwamba kazi za nyuma zingekuwa salama, kwa kuwa dereva na fundi sasa walikuwa na kikosi, cheo na sare. Nchini Burma tumaini hilo lilitikisika upesi, kwani Wajapani walizoea kupenya msituni, kuzunguka vikosi vya mbele na kushambulia bohari na hospitali zilizokuwa nyuma, kama walivyofanya Februari 1944 huko Arakan, ambako makarani, madereva na wapishi wa divisheni ya Kihindi walilazimika kushika bunduki na kulinda kambi yao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka Bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni za mwaka huohuo na kufika Mto Chindwin mwishoni mwa mwaka, iliingia katika vita vya aina hiyo. Wengine hawakuwahi hata kufika: tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldives, na watu wapatao 1,300 wakaangamia, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake, watu ambao katika safari ile kazi zao hazikuwatofautisha hata kidogo mbele ya torpedo.

Kizazi kilichoshuhudia Vita vya Kagera kinakumbuka mabadiliko ya namna nyingine. Baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka kuvunjwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipanuliwa kwa miezi michache, likapokea mgambo kwa maelfu na kutumia malori na mabasi ya raia, hata mtu aliyekuwa mkulima au dereva wa abiria mwanzoni mwa msimu akajikuta vitani kabla msimu haujaisha. Kwa jina, mgambo ni askari wa akiba, yaani raia mwenye mafunzo ya kulinda eneo lake. Lakini Machi 1979, huko Lukaya, ni Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, iliyokutana na vifaru na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin, ikarudishwa nyuma, kisha ikapigana tena pamoja na Brigedi ya 208 hadi njia ya Kampala ikafunguka.

Katika miongo miwili iliyopita mstari wa mbele wenyewe umekuwa mgumu kuonekana. Mabomu ya kutegwa barabarani humtafuta dereva kabla ya mtu mwingine yeyote, na kambi, iliyokuwa mahali pa kupumzikia, imekuwa shabaha. Al-Shabaab waliivamia kambi ya Wakenya ya El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016. Waasi wa ADF, wenye asili ya Uganda, waliishambulia kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, tarehe 7 Desemba 2017 na kuwaua walinda amani 15 wa Tanzania. Na Januari 2020, katika uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, Wamarekani watatu waliouawa walikuwa mwongoza ndege mmoja na wafanyakazi wawili wa kampuni ya mkataba. Mashambulizi ya namna hiyo hayatofautishi jiko, ofisi ya mawasiliano na handaki la ulinzi, ndiyo maana mafunzo ya awali ya kulenga shabaha na huduma ya kwanza hutolewa kwa kila kuruta kabla hajajua atapangiwa kazi gani.

Isieleweke, hata hivyo, kwamba kazi zote sasa zinalingana. Askari wa miguu anayekwenda doria bado hukutana na adui mara nyingi zaidi kuliko karani wa makao makuu, na fundi anayebaki nchini mwake anaweza kustaafu bila kusikia risasi ya adui. Kilichobadilika ni kigezo: mahali mtu anapopelekwa, na njia ambayo chakula na risasi hupitia kufika hapo, hueleza hatari yake vizuri kuliko kazi iliyoandikwa katika barua ya uteuzi. Gharama ya kutotambua hivyo ililipwa kwa muda mrefu na wapagazi, ambao mishahara ya wengi wao waliokufa haikuwafikia ndugu zao, na ambao majina yao hayakuandikwa makaburini. Ilikuwa Aprili 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri na kuomba radhi kwa ubaguzi huo. Jeshi linalopanga fidia, bima na nishani kwa kufuata jina la kazi peke yake bado linatumia daftari lilelile lililomwita kibarua mtu aliyetambaa na masanduku ya risasi.